Umesuka maziwa mpaka mkono umekufa ganzi na siagi hamna? Tukague moja moja

Siagi ya kusuka nyumbani hapa Dar inawezekana kabisa, ila ukiifanya vile vile kama inavyofanywa Shinyanga au Monduli au kule Karagwe itakugomea, na ikishagoma watu wanaanza kutafuta mchawi. Mara maziwa ya siku hizi hayana kitu, mara ng'ombe wa kisasa, mara kuna mtu mwenye jicho amepita mlangoni wakati unasuka. Mimi kabla ya kumsema jirani wa watu nauliza kwanza, ulisuka saa ngapi na maziwa yalikuwa na joto gani? Maana bibi zetu kusuka alfajiri haikuwa mapambo ya mila tu, bara usiku kuna ubaridi na maziwa yaliyolala kwenye kibuyu ndani ya nyumba ya udongo yanaamka yamepoa vizuri, sasa wewe uko Tandika mwezi wa pili, saa kumi na moja alfajiri chumba kina nyuzi 25 na feni inapuliza hewa ya moto, hiyo alfajiri ya bibi huku haipo, itabidi uitengeneze kwa barafu.

Kwa hiyo chochote kikienda kombo, anza na joto, halafu ndo uje kwenye mengine.

Umesuka saa nzima, bado ni maziwa tu

Hili ndo tatizo kubwa na lina sababu nyingi kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mafuta kwenye maziwa yako kama vitone vidogo sana na kila kitone kina kingozi chake. Ukisukasuka vinagongana, vingozi vinachanika, mafuta yanashikana mpaka yanakuwa punje unazoziona kwa macho. Ili yashikane yanatakiwa yawe nusu magumu nusu laini. Yakiwa ya moto yote yameyeyuka, vitone vinateleza tu na vikichanika vinachanganyikana na mtindi. Yakiwa ya baridi sana yamekuwa magumu, yanagongana na kuachana. Ndo maana mtu anayesuka saa nane mchana na yule aliyetoa dumu frijini akaanza pale pale wote wanalia kilio kimoja.

Kwa maziwa mgando mazima, yaani hujatoa krimu juu, lenga nyuzi 16 hadi 20. Kama ni krimu au malai (ule utando wa mafuta unaokaa juu ya maziwa yaliyochemshwa) peke yake shuka zaidi, 10 hadi 14. Frijini ni kama nyuzi 4, nje ni 30, kwa hiyo kote kote uko nje ya mstari. Themomita ya jikoni ni rahisi, nunua, lakini kama huna weka chombo kwenye beseni la maji na vipande vya barafu zile za mifuko zinazouzwa mtaani, koroga taratibu, shika chombo kwa kiganja, ukisikia ubaridi mzuri lakini kiganja hakiumi basi upo karibu. Na ukishaanza kusuka usilitoe beseni mbali, kila dakika kumi hivi kirudishe chombo humo kipate ubaridi kidogo kwa sababu kusuka kwenyewe kunaleta joto na mikono yako pia ina joto.

Joto liko sawa na bado hamna kitu? Angalia umejaza kiasi gani. Kibuyu au dumu linajazwa nusu, ukizidisha sana theluthi mbili. Watu wa Dar tunapenda kujaza, tunaona tunaokoa muda, kumbe maziwa yakikosa nafasi ya kuruka hayagongani, yanahama tu upande huu kwenda huu. Dumu la lita tano tia lita mbili na nusu, basi.

Halafu maziwa yenyewe. Ya boksi yale ya muda mrefu achana nayo kabisa, na mengi ya pakiti pia, kwa sababu kiwandani yanapitishwa kwenye mashine inayovunja vile vitone vya mafuta vinakuwa vidogo mno ili yasijitenge, na hiyo ndo kazi yake, yasijitenge, sasa wewe unataka yajitenge. Utasuka mpaka Idi. Jaribu kuangalia hivi: mimina kwenye glasi, weka frijini usiku mzima, asubuhi kama hamna mstari wa krimu juu hata kidogo basi hapo huna siagi.

Maziwa ya mchuuzi nayo yana mambo yake. Yale ya bodaboda kutoka Chanika, Kigamboni au Mlandizi yanaweza kuwa mazuri sana, na yanaweza kuwa yamepita bombani kabla hayajakufikia. Laktomita, kile kipimo cha uzito wa maziwa, kwa maziwa ya ng'ombe mazima inasoma kati ya 1.028 na 1.032, chini ya hapo kuna maji. Lakini kuna wajanja, anatoa krimu kwanza (bila krimu maziwa yanakuwa mazito zaidi), halafu anaongeza maji kipimo kinarudi pale pale kwenye mstari, kwa hiyo laktomita peke yake inadanganyika, ule mtihani wa glasi ya usiku mmoja ndo unasema ukweli. Ukipata mchuuzi mzuri mwambie wazi tu, "Kaka, haya nataka ya kusukia, niletee yale ya ng'ombe wa kienyeji kama yapo." Wengi wanaelewa, na ng'ombe wa kienyeji maziwa yake yana mafuta mengi, hata asilimia 5 yanafika, wakati ng'ombe wa kisasa aina ya Friesian anacheza kwenye 3 na nusu.

Sababu nyingine ambayo wengi hawaijui ni ng'ombe aliyekaribia kukaushwa, yaani amenyonyesha miezi mingi na ana mimba kubwa. Maziwa yake yana kachumvi kwa mbali na vitone vya mafuta ni vidogo, ni magumu kusuka. Ukinunua kwa mfugaji mmoja mwenye ng'ombe mmoja utakutana na hili, siagi ilikuwa inatoka vizuri halafu ikaanza kukataa polepole bila sababu. Changanya na ya ng'ombe mwingine. Maziwa ya mbuzi nayo yana vitone vidogo, inawezekana lakini jipange.

Povu tu, linavimba linataka kutoka

Maziwa ya baridi sana, au chombo kimejaa, au hayajaganda sawasawa. Acha yatulie robo saa, yapate joto kidogo, punguza, endelea. Na toa hewa! Maziwa yaliyochacha yanatoa gesi, ukisuka inaongezeka, wale wazee wanaovuta kizibo cha kibuyu kila baada ya muda na kinatoa "pssh" hawafanyi mchezo. Dumu la plastiki usipolifungulia linavimba kama mpira na siku likiachia kifuniko utapiga deki mpaka ukutani.

Yameganda vibaya kabla hata hujasuka

Kwa joto la Dar maziwa yanaganda ndani ya usiku mmoja, sio siku mbili tatu kama baridini. Ukiyasahau mpaka siku ya pili nje ya friji yanajikata, maji ya kijani kijani yanakaa chini, donge juu, harufu kali kama ya pombe. Yakishajikata hivyo siagi inatoka kidogo na ladha sio. Yakishaganda tu, yaani ukiinamisha chombo yanasogea yote pamoja kama uji uliopoa, peleka frijini, utayasuka kesho yake.

Na hapa niseme jambo la usalama, nisirukwe. Kienyeji yanagandishwa mabichi. Mimi nayachemsha kwanza, yanapoa mpaka uvuguvugu, natia vijiko viwili vitatu vya mtindi mzuri kwa lita, nafunika. Bruselosi, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, na kifua kikuu cha ng'ombe vinapita kwenye maziwa mabichi, na kuchacha hakuviui, kwenye siagi navyo vinapita. Kuna mashangazi watakwambia ukichemsha siagi haitoki. Inatoka. Familia za Kihindi pale Upanga na Kisutu miaka yote wanachemsha maziwa, wanakusanya malai ya juu kila siku kwenye friza, wiki ikiisha wanayagandisha na kuyapiga, wanapata siagi na samli safi tu. Kinachokataa ni mtu kuchemsha halafu kuanza kusuka yakiwa bado ya vuguvugu, tumerudi kwenye joto.

Punje zimetoka lakini hazishikani, au siagi ni laini kama losheni

Punje ndogo ndogo kama mchanga zinazoelea na hazitaki kukua, mara nyingi ni baridi kidogo. Ongeza kikombe cha maji ya uvuguvugu, suka taratibu, zinaanza kushikana. Losheni nyeupe inayonata kwenye vidole ni kinyume chake, joto limezidi, na ukiendelea kusuka unazidi kuharibu. Simama hapo hapo. Mimina maji ya barafu, acha dakika kumi na tano, halafu suka mara chache tu. Ikikaza umepona. Isipokaza weka yote frijini mpaka kesho, krimu ikishakuwa ngumu juu unaikwangua unaanza upya na hiyo.

Sikio linasaidia kuliko saa. Mwanzoni kibuyu kinasema chwa-chwa-chwa, sauti nyepesi. Halafu kinanyamaza karibu kabisa, maziwa yamekuwa mazito, na hapa ndo watu wanakata tamaa wakati wamebakiza kidogo. Ghafla sauti inageuka, chubwi, chubwi, kuna kitu kinagonga ndani na kuna maji maji, ukivuta kizibo utaona kimepakwa punje za njano na ukingo wa mdomo wa kibuyu umebaki msafi, maziwa hayang'ang'anii tena. Hapo suka kidogo sana mpaka punje ziwe kama za mchele au mahindi uache. Ukiendelea mpaka liwe donge moja kubwa mtindi unafungiwa ndani na utaujua baada ya siku mbili kwa harufu.

Wa blenda nao nawaona. Blenda inafanya kazi, hasa kwa malai, lakini mota inapasha moto haraka sana, kwa hiyo bonyeza na kuachia, tia maji ya barafu mapema, na usiondoke ukaenda kupokea simu.

Siagi imetoka kidogo mno

Hapa mara nyingi hamna kosa, ni matumaini tu. Kilo moja ya siagi inakula lita 20 mpaka 25 za maziwa. Lita tano ukisuka vizuri utapata gramu 200 mpaka 250, kabakuli kadogo. Ndo maana nyumbani kwenye ng'ombe wengi siagi ilikuwa kitu cha heshima, ya mzazi aliyejifungua, ya kupaka mtoto mchanga, ya mgeni maalum, sio ya kupaka mkate kila siku. Ukiona mtindi uliobaki bado una utelezi wa mafuta mdomoni basi umeacha siagi humo, upooze usuke tena kidogo.

Ina uchungu, au inanuka

Inanuka baada ya siku moja mbili: hujaiosha. Toa mtindi, mimina maji baridi yaliyochemshwa na kupozwa, geuza geuza kwa mwiko, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe kama yalivyoingia, halafu ikandamize kwa mwiko itoe maji yaliyobaki. Usitumie maji ya kisima moja kwa moja, sehemu nyingi Dar yana chumvi na mengine sio salama. Chumvi kijiko cha chai kwa robo kilo inatosha, na ikae frijini.

Ina uchungu hapo hapo ilipotoka: ni maziwa (yule ng'ombe wa mwisho mwisho, au amekula magugu makali) au ni chombo. Na chombo hapa ni kibuyu.

Kibuyu kipya watu wanakiagiza kwa basi kutoka mkoani, unakipokea Mbezi Luis kimefungwa kwenye kanga, unafika nyumbani unakuta kina ufa kama unywele. Kijaribu na maji kwanza kabla hujapeleka maziwa ya watu humo. Ufa mdogo wazee wanaushona na kuziba, mimi nasema kwa maziwa tafuta kingine, ule ufa ndo nyumba ya ukungu. Kama hakina ufa, jaza maji kikae siku kadhaa ukibadilisha kila siku, tia kokoto safi utikise zitoe ile nyama kavu ya ndani. Kisha onja maji yake kwa ncha ya ulimi, uteme. Kama bado ni machungu kweli kweli baada ya kuosha sana, usikitumie kabisa, kuna vibuyu vina sumu ya uchungu ile ile ya matango mwitu na inaumiza tumbo vibaya.

Halafu kufukiza. Kijinga cha moto kinasuguliwa ndani mpaka kuta zinakuwa nyeusi, majivu na makaa yanapigwa brashi na kumwagwa. Wamasai wanapenda mti wa loirien, mzeituni pori, na kila kabila la wafugaji lina mti wake. Kazi yake sio harufu tu, moto na moshi vinakausha na kupunguza vijidudu kwenye chombo ambacho huwezi kuingiza mkono wala kukisugua na sabuni, na hiyo harufu inabaki kwenye siagi kwa uzuri. Sasa Dar loirien unaipata wapi, wengi wanachukua kipande chochote cha mbao. Mbao ya fundi seremala ina dawa na rangi, acha. Mwarobaini acha, utajuta. Tafuta mti mgumu mkavu ambao ungechomea nyama bila wasiwasi. Siagi ikiwa na ladha ya majivu au vidoa vyeusi hukupiga brashi vizuri, ikiwa na harufu ya uvundo kibuyu hakikukauka, kwa unyevu wa huku usikitundike jikoni kwenye mvuke, kitundike kwenye upepo mdomo ukiangalia chini na ukifukize tena kila kabla ya kutia maziwa.

Na ile sheria ya nyumba nyingi kwamba kibuyu cha maziwa hakitiwi kitu kingine, sio maji ya kunywa, sio togwa, usiichukulie kama ushirikina. Kinanyonya kila kitu.

Ni nyeupe, sio ya njano kama ya dukani

Hamna tatizo. Njano inatokana na majani mabichi aliyokula ng'ombe, kiangazi akila pumba na mabua siagi inapauka, masika inarudi. Ya mbuzi na ya nyati maji ni nyeupe siku zote. Ya dukani nyingine imetiwa rangi, na nyingine sio siagi, ni majarini, soma kopo.

Samli inarukaruka, imeungua, au haigandi

Kwa Dar mwisho wa siagi nyingi ni samli, na ni uamuzi wa akili kwa sababu umeme ukikatika siku mbili siagi imekwisha ila samli haijali. Inarukaruka kwa sababu siagi ina maji, karibu asilimia 16, na hayo maji lazima yatoke, kwa hiyo sufuria nzito, moto mdogo, na usifunike. Itatoa povu, itapiga kelele pwata pwata, kelele zikikaribia kuisha na mabaki ya chini yakiwa rangi ya maandazi toa motoni mara moja, sufuria yenyewe itamalizia. Ukisubiri sekunde chache zaidi mabaki yanakuwa meusi na samli yote inabeba uchungu, hiyo huiokoi. Chuja kwa kitambaa safi kikavu.

Haigandi? Kwa joto letu hukaa nusu maji nusu chenga chenga, ndivyo ilivyo, na zile chenga za pilau la Ijumaa ndo zenyewe. Nusu kilo ya siagi itakupa kama gramu 400, usimshuku dada wa kazi.

Ikiota ukungu kuna maji yaliingia, kijiko kibichi au chupa haikukauka. Ikichacha kidogo tu bila ukungu, wapo wanaoipenda hivyo, majirani zetu wa Ankole Uganda wana mchuzi wao mweupe wa eshabwe unaopigwa kwa samli na magadi, na samli yenye umri ndo inaupa ile ladha. Ila ukungu ukionekana usikwangue juu ukajidanganya, mwaga yote, chemsha chupa, iache juani mpaka ikauke ndo utie nyingine.